Ndege Isiyo na Alama

Mtu anayeunda modeli ya ndege ya kivita ana kazi mbili, na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Kazi ya kwanza ni kuunganisha vipande mpaka ndege itimie. Kazi ya pili ni kuizeesha, yaani kuifanya ionekane kwamba imepata kuruka, imepigwa jua na mvua, imetoa moshi, imekanyagwa na mafundi. Modeli ambayo haikuzeeshwa hung'aa kama sufuria iliyonunuliwa asubuhi ile, na hakuna ndege ya kivita iliyopata kuwa hivyo isipokuwa siku ilipotoka kiwandani. Lakini huwezi kuizeesha bila kujua imezeekea wapi na kwa kazi gani. Hapo mtu hutoka katika mchezo akaingia katika historia, na ndiyo sababu mimi, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sabini na ushei, sioni haya kuonekana na wembe na msasa mkononi nikisugua bawa lenye urefu wa kidole.

Ndege niliyoichagua ni MiG-17. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anayefanya kazi Muscat alinipigia simu kuniuliza aniletee zawadi gani, nadhani akitazamia kwamba nitataja kanzu au tochi. Nilipomtajia ndege ya plastiki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kwa ajili ya mjukuu?" Nikamwambia la, kwa ajili yangu, na iwe katika skeli ya moja kwa sabini na mbili. Alikuja nayo mwezi wa Ramadhani, boksi dogo lisilozidi ukubwa wa sanduku la viatu vya mtoto.

Sikuichagua kwa uzuri wake. Niliichagua kwa sababu ndege ya namna hii, iliyotengenezwa China kwa jina jingine, ilikuwa miongoni mwa jeti za kwanza za Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na njia iliyoifikisha kwetu inastahili kusimuliwa. Jeshi letu liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya mwezi wa Januari mwaka ule. Waliotangulia kutusaidia upande wa anga walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Mwaka 1965 wakaudhika kwa kuwa tulikubali Ujerumani ya Mashariki ifungue ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Naye Mwalimu Nyerere akawaambia na misaada mingine waichukue. Wakaja Wakanada, wakafundisha marubani na mafundi wetu katika ndege za mizigo mpaka mwaka 1970. Baada yao ndio wakaja Wachina, wale wale waliokuwa wakitutandikia reli ya TAZARA, wakatujengea kituo cha ndege za kivita Ngerengere mkoani Morogoro, na kutuletea jeti: F-5, F-6 na F-7.

Majina hayo yasimchanganye msomaji. F-5 ya Kichina ni MiG-17 ya Kirusi. F-6 ni MiG-19. F-7 ni MiG-21. China ilizifuata ramani za Warusi, na F-5 yao ya kwanza iliruka mjini Shenyang Julai 1956. Injini yake nayo ina ukoo wa kustaajabisha. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwauzia Warusi injini za jeti aina ya Nene, kazi ya kampuni ya Rolls-Royce. Warusi wakaichambua moja baada ya nyingine, wakaunda ya kwao kutokana nayo, wakaifunga katika MiG-15 na kisha katika MiG-17, na Wachina wakaipokea kwa Warusi. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania aliyefundishwa urubani na Mchina alikuwa amekalia mjukuu wa injini ya Mwingereza, tena miaka kumi na kidogo tu tangu tumshushie Mwingereza huyo bendera yake. Sijaona kitabu cha shule kinachosema jambo hili, na wanafunzi wangu wangelipenda kuliko orodha ya magavana.

Nirudi mezani. MiG-17 ya kweli ina upana wa mita 9.63 kutoka ncha ya bawa hii hata ncha ya bawa ile. Ukigawa kwa 72 unapata milimita 134, yaani karibu sawa na kalamu ya wino. Mabawa yamelazwa nyuma kama mabawa ya mbayuwayu, na juu ya kila bawa zimesimama kingo tatu nyembamba za bati zinazozuia hewa isiteleze kuelekea ncha. Kingo hizo ni alama ya ukoo: MiG-15, kaka yake mkubwa, anazo mbili kila bawa. Pua haina ncha. Ni tundu la mviringo lililo wazi, kwa kuwa injini iliyo nyuma huvuta hewa kupitia mbele kabisa.

Kuunganisha kulinichukua siku nne. Vipande hukatwa kwa wembe kutoka katika fremu yake, husuguliwa kwa msasa laini, hubandikwa, na pale penye ufa hutiwa puti na kusuguliwa tena. Fundi seremala yeyote wa Tanga angeielewa kazi hii bila maelezo. Jambo moja tu lilihitaji akili ya pwani: magurudumu ya ndege hii yamekaa mbele ya kitovu cha uzito wa modeli, na usipotia kitu kizito puani itaketi kwa mkia kama mbwa. Wenye vitabu vya maelezo hushauri vipande vya risasi. Mimi nilitia chubwi mbili za mshipi wa kuvulia nilizopewa na jirani mvuvi, nikazikandamiza kwa udongo wa kufinyangia, na ndege ikasimama sawasawa.

Rangi nayo haikunisumbua. Ndege nyingi za aina hii hazikupakwa rangi za msituni. Ziliachwa na weupe wa alumini yake. Rangi ya fedha inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa ajili ya mageti, ikizimuliwa kwa tina na kupakwa mara tatu kwa brashi laini, inatosha kabisa.

Sasa kuzeesha.

Aliyezaliwa Tongoni hana haja ya kusafiri kutafuta mwalimu wa somo hili. Makaburi yetu ya nguzo, zaidi ya arobaini, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika zama ambazo mji huu ulikuwa mji hasa, wakati Wareno waliposikia habari za Mtangata. Richard Burton alipita hapa mwaka 1857 akayakuta tayari ni magofu. Nimeyazunguka tangu utoto, na nilipokuwa nafundisha nilipeleka madarasa mengi kuyatazama. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba uchakavu haumwagiki ovyo kama maji ya kuoshea vyombo. Una mlango wa kuingilia. Lipu huanza kubanduka chini, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini, na pale chumvi inapopanda na unyevu. Upande unaopigwa na kusi haufanani na upande wa pili. Penye kivuli cha mti pana kuvu, na penye jua pana ufa. Kila doa lina sababu yake, na mtu aliyezoea kusoma madoa hayo ya mawe anaweza kuyasoma ya ndege.

Ndege nayo ina mlango wake: upepo, unaotoka puani kwenda mkiani. Mafuta yakivuja, mstari wake huelekea nyuma. Masizi ya bunduki hulala nyuma ya mtutu, hayaendi mbele wala pembeni. MiG-17 inabeba mizinga mitatu chini ya pua, mmoja mkubwa wa milimita 37 upande wa kulia, na miwili ya milimita 23 upande wa kushoto. Kwa hiyo masizi yake hayalingani pande mbili, na anayepaka sawasawa kulia na kushoto kwa kupenda ulinganifu ameipaka ndege ambayo haikupata kuwako. Halafu kuna suala la kutu. Nimeona picha za modeli za watu wa ng'ambo, kazi nzuri sana, lakini wameipaka alumini kutu nyekundu kama ya bati la paa. Alumini haishiki kutu ya namna hiyo. Inafifia, inakuwa kijivujivu, na karibu na bahari inatoa ungaunga mweupe. Mama yeyote mwenye sufuria ya zamani analijua hilo. Chuma kilichoko nyuma, kwenye mdomo wa kutolea moto, ndicho kinachobadilika kuwa na wekundu wa kahawia na ubuluu wa kuungua.

Vifaa vyangu vilikuwa vya shule. Nilizimua rangi nyeusi mpaka ikawa nyepesi kama chai ya mkandaa, nikaipitisha katika mistari ya maungio ya mabati, nikaifuta kwa kitambaa ikabaki ndani ya mistari tu. Risasi ya penseli iliyosagwa ilinipa rangi ya chuma kilichosuguliwa, pale mafundi wanapokanyaga wakipanda penye kiti cha rubani. Chaki nyeupe iliyokwanguliwa na kuchanganywa na vumbi la tofali ilikuwa vumbi la uwanja, nikalipaka magurudumuni na chini ya tumbo. Masizi ya mizinga yalikuwa masizi ya chungu, kweli kabisa. Miaka zaidi ya thelathini ya kufuta ubao imenifundisha tabia ya chaki kuliko mtengeneza rangi yeyote.

Ningependa kusema kidogo kwamba pwani yetu iliwahi kuwafundisha wenye ndege somo hili la hali ya hewa mapema sana. Katika Vita vya Kwanza Waingereza walileta ndege za kutua majini kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Ndege zenyewe zilikuwa za mbao na kitambaa. Joto na unyevu wa Rufiji na Mafia vililegeza gundi na kupinda mbao, na baadhi yake hazikuweza hata kunyanyuka vizuri kutoka majini. Ndege nyingine zilipoletwa na kutumia uwanja uliosafishwa Mafia, ndipo marubani wakaweza kuziongoza kutoka juu shabaha za meli, na Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wazee wa zamani waliita chombo kile ndege Ulaya. Hali ya hewa ya kwetu haikujali kimetoka Ulaya.

Swali lililonikalisha kimya zaidi lilikuwa masizi ya mizinga. Nisipotia masizi, nasema ndege hii haikupiga. Nikitia, nasema ilipiga, na lazima nijue wapi. Ikanibidi nirudi katika vita vya Kagera, ambavyo mimi nilivifuata kwa redio nikiwa mwalimu kijana.

Kwanza mtu akumbuke kwamba watu wa Ziwa Viktoria walikuwa wamekwisha kuijua hofu ya angani kabla ya mwaka 1978. Septemba 1972, baada ya wakimbizi wa Uganda waliotoka kwetu kujaribu kumwondoa Idi Amin na kushindwa, ndege za Amin zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba 1978 zikarudi tena Bukoba. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi yake yakavuka mpaka, yakalishika eneo lote lililoko kaskazini ya Mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga, na wote tuliokuwa na umri wa kuelewa tunakumbuka tulikuwa tumekaa wapi.

Katika siku zile za mwanzo, ndege zetu tatu zilitunguliwa karibu na Musoma. Waliozitungua walikuwa watu wetu wenyewe, waliokuwa wakiilinda anga.

Ni sentensi fupi, na katika vitabu vingi vya vita vile haimo kabisa, au imo kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Ushindi una nyimbo zake na sherehe zake. Entebbe ilitwaliwa tarehe 7 Aprili 1979, Kampala tarehe 11, na mwanzoni mwa Juni askari wa mwisho wa Amin walikuwa wamesukumwa nje ya mipaka ya nchi yao. Hata kituko cha ndege kubwa ya Libya aina ya Tu-22, iliyokuja mwishoni mwa Machi 1979 kuipiga Mwanza ikaukosa mji na kuua swala katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane, kinasimuliwa kwa kicheko mpaka leo. Habari ya Musoma haina pa kukaa. Haimo katika nyimbo, na haifai kwa kicheko.

Sikuilewa vizuri mpaka nilipoishika modeli mkononi. Amin alikuwa na MiG-17 na MiG-21, alizozipata kwa Warusi. Sisi tulikuwa na ndege zile zile kwa kupitia Wachina. Umbo ni moja. Alumini ni moja. Hata injini ni ndugu. Kilichotofautisha ya kwetu na ya kwao ni alama iliyochorwa ubavuni na mkiani, na Entebbe ilipotwaliwa baadhi ya ndege za Amin zililetwa Tanzania. Kilichohitajika kuzifanya za kwetu ni kopo la rangi. Wengi husema askari wa mizinga ya kutungulia ndege walipaparika. Mimi nadhani neno hilo linawaonea. Nilifanya hesabu ambayo ningempa mwanafunzi wa darasa la saba. Modeli ya skeli hii, ikiwekwa mita 10 mbele yako, inaonekana kwa ukubwa ule ule wa ndege ya kweli iliyoko mita 720. Ndege ikienda kilometa 800 kwa saa, mita hizo 720 inazimaliza kwa sekunde tatu na kidogo. Alama ya ubavuni, kwa mtu aliyesimama mita kumi, ni ndogo kuliko punje ya mchele. Na kama ndege inakuja moja kwa moja kuelekea kwako, ubavu wenyewe huuoni. Unaona duara na nyuzi mbili nyembamba. MiG-15, 17, 19 na 21 zote zina pua iliyo wazi, na kutoka mbele zote ni duara na nyuzi mbili.

Hapo nikaelewa pia kwa nini skeli ya 72 imeenea duniani. Ilianza kama mchezo, kwa ndege za Kiingereza za plastiki za mwaka 1936 zilizoitwa Penguin, jina la ndege asiyeruka. Lakini mwaka 1942, Marekani ilipokuwa imekwisha kuingia vitani, Jeshi la Wanamaji lao liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao kwa skeli hiyo hiyo: aina 50 za ndege, za rafiki na za adui, kila aina 10,000. Zote zilipakwa rangi nyeusi bila alama yoyote, ili marubani na wapiga mizinga wajifunze kuitambua ndege kwa umbo lake, kwa kuwa umbo ndilo linaloonekana kwa mbali. Wanafunzi waliofanya vizuri walipewa vyeti vyenye vyeo. Katika maisha yangu yote ya ualimu nimehubiri habari ya zana za kufundishia, nimewakagua walimu wakikata maboksi na kuchonga vijiti, na sijapata kusikia zana iliyotengenezwa na watoto kwa wingi namna ile kwa ajili ya kuokoa watu.

Wala haikutosha. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, wapiga mizinga wa Marekani na washirika wao, melini na nchi kavu, waliyapiga madege yao wenyewe yaliyokuwa yakiwapeleka askari wa miavuli Sicily, wakayaangusha 23. Mwaka uliofuata, kabla ya kutua Normandy, ndege za washirika zilipigwa mistari mipana nyeupe na nyeusi mabawani na kiunoni, mibaya kwa sura, iliyopakwa kwa brashi kwa haraka, ili hata mpishi wa meli aitambue. Nataja haya kwa sababu wapo wanaodhani mambo ya Musoma yaliletwa na uchanga wetu tu. Wenye shule, vyeti na modeli nusu milioni nao yaliwafika.

Tofauti niionayo ni moja. Modeli zile nyeusi za Wamarekani zilikuwa na maana kwa sababu upande wa pili walikuwa na ndege za maumbo mengine. Sisi hata shule zetu zote zingechonga modeli za mbao kuanzia Mtwara mpaka Bukoba, mtoto angemkabidhi askari MiG moja tu, nyeusi, na askari angeuliza yetu au yao, na mbao isingekuwa na la kumjibu.

Swali hilo si la kubuni. Jirani yangu mmoja alikuwa mgambo wakati ule, akapelekwa mkoa wa Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa. Ni mtu asiyependa kuzungumzia vita. Alipita jioni moja, akanisalimu, akaiona ndege mezani ikiwa imekwisha kupakwa masizi, ila bado haijabandikwa chochote. Alisimama mbali nayo, hakusogea. Akasema, "Mwalimu, hiyo yetu au yao?"

"Bado sijaamua, bwana," nikamjibu.

Akacheka kidogo kwa pua. Baadaye alisogea, akaiinua, akaipindua tumbo juu, akatazama masizi chini ya pua kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaniuliza kama ndani kuna mtu. Nikamwonyesha rubani wa plastiki, mrefu kama punje mbili za mpunga. Akamtazama, akairudisha ndege mezani taratibu kwa mikono miwili.

Basi sikuibandika alama yoyote. Mle ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya alama za mataifa kadhaa, imekaa mpaka leo katika kitabu cha mahudhurio nilichostaafu nacho. Masizi niliyaacha. Nikachonga kwa mbao ya mwembe MiG-21 ya skeli ile ile, mabawa yake ya pembetatu, nikaipaka rangi ya fedha ile ile ya mageti, nikazichukua zote mbili shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu aliyepo sasa, ambaye aliwahi kukaa katika darasa langu.

Tulipima mita kumi uwanjani kwa utepe. Mtoto mmoja anainua ndege kutoka nyuma ya meza, mwingine anahesabu mpaka tatu, inashushwa, na aliyesimama mita kumi anasema ni ipi. Zilipoinuliwa kwa ubavu, karibu wote walizitambua. Zilipoelekezwa pua kwao, walianza kubahatisha, na wakajua wanabahatisha, maana walicheka kabla ya kujibu. Ndipo nikawaeleza habari ya Musoma kwa maneno machache. Kelele zikapungua.

Binti mmoja wa darasa la sita akanyosha mkono. "Babu, kwani rubani hakuweza kupiga honi?"

Nikamwambia honi ipo ya namna yake: kuna redio, kuna vyombo vya kuulizana na kujibizana angani, na kuna kupeana habari mapema kwamba ndege zetu zitapita njia hii, saa hii, kwa kimo hiki. Lakini yote hayo sharti yamfikie yule aliyeshika mzinga kabla ndege haijafika.

"Na yasipomfikia?"

Mwenzake akamvuta mkono wa gauni, akamwambia zamu yake ya kutazama imefika.